UZI: Ukimwita mbwa wako anakuangalia tu, au ndiyo kwanza anaongeza mbio? Pitia hapa kabla hujashika fimbo

MtuWaKibada (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina mbwa dume anaitwa Chui. Baba yake ni German shepherd, mama yake mbwa koko wa mtaani kwetu hapa Kigamboni. Ana miaka miwili na ushee. Ulinzi anaujua, usiku hana masihara na mtu. Ila alikuwa na ugonjwa mmoja: geti likiachwa wazi akachomoka, huyo si wako tena. Utaita mpaka koo likauke. Anasimama kule mbali, mkia unacheza, anakutazama usoni. Ukisogea hatua mbili, yeye anasogea tatu.

Ijumaa moja saa sita na nusu mchana likaja boza la maji, kijana wa boza akaliacha geti. Wakati huohuo jirani yetu mmoja, mzee wa heshima zake, ametoka kwake na udhu wake, kanzu nyeupe imepigwa pasi, anaelekea msikitini. Chui hakumng'ata. Bora angebweka tu. Alimpenda! Alimrukia kifuani na kumlamba mkono mpaka kiwiko, mimi nyuma naita "Chui njoo! Chui njooo!" na mnyororo mkononi kama chizi.

Waliokulia pwani wanajua uzito wake. Kwa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa huku, mate ya mbwa ni najisi inayooshwa mara 7, mojawapo kwa udongo. Mzee alirudi ndani kujitwaharisha na kubadili nguo, hutuba ikampita. Mimi nilipomkamata Chui nikamchapa. Kosa la pili hilo, nitalieleza.

Jioni nikaenda kuomba radhi. Shikamoo, marahaba, nikawekewa kahawa. Mzee hakufoka. Akaniambia: "Mwanangu, kila nikirudi swala ya alfajiri nakusikia ng'ambo ya ukuta. Chui njoo, Chui njoo, halafu nasikia komeo la banda. Sasa wewe mtu akikuita kukutia ndani, utakwenda mbio?"

Nilirudi nyumbani nikiwa mdogo kama piriton.

Wiki iliyofuata nilichukua daftari la mtoto, nikawa naandika kila nikimwita Chui, na kilichompata baada ya kuja. Nilimwita mara 23. Mara 14 ilikuwa kumfungia bandani. Mara 4 kumwogesha dawa ya kupe. Mara 3 kumgombeza kwa kitu alichokwishafanya. Mara 2 chakula. Hesabu hiyo hata mbwa asiyesoma anaipiga. Kwake "njoo" ni jina la komeo.

Na sisi wafuga mbwa wa Bongo wengi tuko hivyo. Mbwa anafungiwa alfajiri, anashinda gizani siku nzima, anafunguliwa saa nne usiku. Wito pekee anaoujua ni ule wa kumaliza uhuru wake. Halafu tunalalamika ana kichwa kigumu.

Nilichofanya, na kimechukua miezi mitatu, si wiki moja kama wanavyodanganya kwenye video:

Kwanza nililitupa neno "njoo". Limeshaharibika, na hata lisingeharibika, nyumbani kwangu linatamkwa mara mia kwa siku: njoo ule, njoo uoge, njoo uone. Mbwa analisikia kama sisi tunavyosikia feni. Nikatafuta neno ambalo halina kazi nyingine. Bibi yangu mzaa mama alikuwa mtu wa Mombasa, yeye "njoo" alisema "ndoo". Basi nikaamua Chui ataitwa "ndooo!" kwa kuivuta. Wiki ya kwanza mke wangu kaniletea ndoo mara mbili.

Wiki hiyo ya kwanza sikumwita hata mara moja. Nasema kweli. Yuko miguuni kwangu, nasema "ndooo", papo hapo namtia kipande cha firigisi mdomoni. Hana analotakiwa kufanya. Mara 10 au 15 kwa siku, asubuhi na jioni, basi. Wengi mnaanza kudai kabla hamjaweka akiba. Ivan Pavlov, yule Mrusi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa kuchunguza mmeng'enyo wa chakula, ndiye aliyegundua mbwa wake wanadondosha mate kabla chakula hakijafika. Nyie wenyewe mna ushahidi jikoni: gonga sahani ya mbwa uone anavyokuja. Hakuna aliyemfundisha ile sahani. Kila ikilia kuna ugali, kwisha habari. Mimi nilitaka neno langu liwe sahani.

Wiki ya pili, ndani ya uwanja, geti limefungwa kwa kufuli. Namsubiri awe hatua tano, anazurura tu, hafanyi jambo la maana. "Ndooo!" mara moja. Akigeuza shingo tu namsifu kwa sauti ya furaha, akifika anapata. Na hapa kuna siri: simpi kipande kimoja. Napasua firigisi vipande vidogo kama punje ya mahindi, nampa sita, kimoja kimoja, huku mkono wa kushoto umeshika kola. Kwa nini kola? Kwa sababu mbwa wengi wanakuja mpaka mita moja, ukinyoosha mkono wanaruka nyuma. Wameshajifunza kuwa mkono kwenye kola ni kukamatwa. Basi mkono uguse kola KABLA ya firigisi, kila mara, mpaka aone mkono wako ndiyo mlango wa nyama.

Halafu, wakuu, hapa ndipo uzi wote ulipo: namwachia aende zake. Amekuja, amekula, "haya nenda", anarudi kunusa ukuta wake. Ukimwita mara kumi, mara tisa aachiwe. Mbwa akishaona kuja kwako hakumpotezei kitu, bali anapata nyama NA uhuru, nusu ya kazi imekwisha.

Kuanzia wiki ya tatu kamba. Nimenunua mita 10 za kamba ya manila duka la vifaa vya ujenzi, nikaifunga kwenye mkanda wa kifuani, siyo shingoni. Mbwa akifika mwisho wa mita 10 akiwa kasi, kola inaweza kumwumiza shingo. Na wewe usijiviringishie kamba mkononi, mimi kidole hiki cha shahada kina kovu. Vaa glavu au iache iburuzike chini, uikanyage. Kamba siyo ya kumvutia kama mkokoteni. Kazi yake ni moja tu: asipokuja, asifaidi. Asiende kukimbiza kuku akajifunza kwamba kukukaidi kunalipa.

Sheria niliyojiwekea: kama siko tayari kuweka dau la buku kwamba atakuja, simwiti. Namfuata kimya kimya kwa kamba. Maana kila ukiita na asije, umemfundisha kuwa neno lile halina maana.

Na kosa langu la pili lile. Amekimbia nusu saa, hatimaye amekuja au umemfikia. Usimchape. Yeye haunganishi fimbo na kukimbia, anaiunganisha na jambo la mwisho alilofanya, yaani kukaribia kwako. Tabasamu hata kama moyoni unawaka. Nilihisi mnafiki siku za mwanzo.

Karibuni kwa maswali. Picha ya Chui nitaweka kesho, leo kajipaka tope.

---

Komredi_Mbilimbi

Nimeweka kambi hapa. Hiyo ya ndoo nimecheka mpaka abiria wenzangu kwenye daladala wamenigeukia.

---

SautiYaNyika

Mkuu heshima yako, lakini mmekuwa wazungu sana. Sisi Mara huko tunachunga na mbwa kumi, hakuna aliyefundishwa kwa firigisi. Mbwa wa kwetu anakula makombo na anakuja ukipiga mluzi mmoja tu. Nyie wa Dar mnalisha mbwa kuliko mnavyolisha wageni.

---

MtuWaKibada

Mkuu SautiYaNyika, umeniwahi, nilitaka niifikie hiyo. Mbwa wenu wanashinda na nyie toka jua likichomoza. Wanakula ulipo, wanalala ulipo, ukihama kisima wanahama. Mbwa wa mchungaji ameshajua kwamba maisha yote yako kwa yule mtu mwenye fimbo. Kwa hiyo macho yake yako kwako hata kabla hujapiga mluzi. Huyo hafundishwi kuja, huyo anafundishwa kila dakika kutokupotea. Wangu alikuwa anashinda bandani saa kumi na sita. Mimi kwake nilikuwa mtu wa kufungua na kufunga. Mchukue mbwa wako bora, mfungie hivyo mwaka mmoja, halafu piga mluzi wako.

Tena nakushukuru, maana umenikumbusha: nimepunguza saa za bandani. Asubuhi napiga naye nusu saa kabla ya kazi. Bila hiyo hata ng'ombe mzima wa firigisi usingetosha.

---

SautiYaNyika

Hapo umesema. Ng'ombe hana firigisi ila tumekuelewa.

---

Mzee_Tupatupa

Mbwa ni fimbo tu. Udongo uwahi ungali maji. Baba yangu alikuwa na mbwa watatu, akikohoa wote wanalala chini.

---

MlinziWaZamuYaPili

Mzee Tupatupa shikamoo. Kwa heshima zote naomba nikupinge kidogo. Nimeshika mbwa wa ulinzi miaka tisa, Arusha na Moshi. Kulala chini kwa kukohoa ni kweli, nimewaona wengi. Lakini huyo analala kwa sababu yuko karibu na fimbo inamfikia. Sasa mfungulie geti, awe mita 80, ukohoe. Fimbo yako ina urefu gani?

Tulikuwa na mmoja alichapwa na mshika mbwa aliyenitangulia. Kwenye kamba alikuwa malaika. Kuna usiku alikatika kamba kwenye kazi, tukamtafuta mpaka saa tatu asubuhi. Alikuwa anatuona. Alikuwa amelala chini ya lori ng'ambo ya barabara anatuangalia, na kila tukimwita jina anajikunyata zaidi. Alikuja tulipoacha kumwita. Mshikaji wetu mmoja mvivu alikaa chini kwenye tofali akaanza kula chapati, mbwa akatoka mwenyewe akaja kukaa pembeni yake.

Ndiyo maana nawaambia vijana: mbwa akikukimbia USIMFUKUZE. Yeye ana miguu minne na kwake ule ni mchezo. Mpe mgongo, ukimbie upande wa pili huku unapiga kelele za furaha. Au chuchumaa uanze kuchimba chini kana kwamba umeona kitu. Au kaa kama yule mvivu wetu. Wengine gari: fungua mlango wa gari, anajitosa mwenyewe.

Nyongeza kwa mleta uzi. Si kila mbwa analipwa kwa nyama. Mbwa wangu wa mwisho firigisi alikuwa anaitema. Yeye ukimtolea kipande cha gunia tuvutane, anakuja kama risasi. Angalia mbwa wako anapenda nini, usimchagulie.

---

Mzee_Tupatupa

Marahaba mwanangu. Hiyo ya lori imenigusa, maana baba alikuwa na mmoja aliondoka hakurudi tena.

---

DadaWaMakumira

Jamani mimi nina jike wa miezi nane. Akiwa mdogo alikuwa ananifuata mpaka chooni, nikajisifu kwamba nina mkono wa mbwa. Tangu mwezi wa sita huu hanijui! Nikimwita ananitazama kama namdai. Nimekosea wapi?

---

TabibuWaKuku 

Dada, hujakosea. Mtoto wa mbwa anakufuata kwa sababu anaogopa dunia, siyo kwa sababu amefunzwa. Miezi sita kwenda juu woga unapungua, pua inafunguka, anagundua kuna mitaa mingine. Wenye mbwa wengi wanaamini wamefundisha kitu ambacho hawakukifundisha, halafu akibalehe wanasema ameharibika. Mrudishe kwenye kamba tu, anza upya kama mleta uzi alivyoeleza. Kuna wanaoendelea na ujana huu mpaka miaka miwili hasa wale wa miili mikubwa.

Na kwa kuwa ni jike wa miezi nane, jiandae na joto la kwanza (kipindi cha kutaka dume) kama bado. Huchukua kama wiki tatu na hurudi takriban kila miezi sita. Kipindi hicho usimtegemee kwenye wito wowote, na madume ya mtaa mzima yatapiga foleni getini kwako. Asitoke bila kamba hata hatua moja. Wenye madume: dume lililonusa jike mwenye joto, firigisi unaweza kula mwenyewe. Kuhasi kunasaidia kwa wale wanaozurura kufuata majike, lakini hakufundishi mbwa kuja.

Kingine, kwa kuwa mnazungumzia mbwa wanaochomoka: hakikisheni kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa haijapitwa. Anachanjwa akitimiza miezi mitatu, halafu mnarudia kila mwaka. Mtu akiumwa na mbwa, jeraha lioshwe kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, kisha hospitali siku hiyohiyo, msisubiri kuona mbwa atakuwaje. Ugonjwa ule dalili zikishaanza hauna tiba. Na wanaoishi kando ya hifadhi msidhani ni mambo ya nyumbani tu. Mwaka 1994 ugonjwa mwingine wa mbwa, ile homa inayoitwa distempa, uliua karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti.

---

SautiYaNyika

Ile ya simba mzee wangu anaisimulia. Kampeni za chanjo zikija kijijini tunapanga foleni na mbwa kwenye kamba za katani. Huko ndiko utajua nani mbwa wake anakuja akiitwa na nani anakimbizana naye mpaka mtoni.

---

DadaWaMakumira

Asante daktari. Swali lingine, nampa nini? Firigisi huku zimepanda bei.

---

TabibuWaKuku

Mapupu. Nenda buchani asubuhi, chemsha bila chumvi wala kitunguu, kata vidogo, anika au weka kwenye friza. Kitunguu maji na kitunguu saumu ni sumu kwa mbwa, chokoleti vilevile. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika kama sindano. Dagaa wakavu nao wanafaa sana, wananuka, na mbwa anafuata pua. Ila mpunguzie ugali wa jioni siku ya mazoezi. Mbwa aliyeshiba hasikii.

---

BinSuleiman

Assalaam alaykum wakuu. Mimi Mwislamu na nina mbwa shambani Pangani, nimesoma kisa cha mzee nikamwona kama namjua.

Wengi wanadhani dini yetu imekataza mbwa moja kwa moja. Hadithi zimeruhusu mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda, na Suratul Maida aya ya 4 inataja wanyama wa kuwinda waliofundishwa, kwamba mnawafundisha katika yale aliyokufundisheni Mwenyezi Mungu. Kwa hiyo kufundisha mbwa si uzungu wala si ugeni. Tatizo letu na majirani siyo mbwa, ni mbwa asiyerudi. Jirani anavumilia kubweka. Havumilii kulambwa akienda kuswali.

Ushauri wangu kwa wenye mbwa uswahilini: mjue ratiba ya jirani. Ijumaa saa sita mpaka saa nane mimi nafunga geti kwa kufuli hata kama mbwa amefuzu chuo kikuu.

Kuhusu mluzi, mie nilijaribu, mama mkwe akakataza. Mluzi usiku unaita nyoka na majini. Unamwita mbwa wako anakuja mwingine.

---

Komredi_Mbilimbi

😂😂 "Anakuja mwingine"

---

MtuWaKibada

Wa alaykum salaam sheikh. Umenifunza kitu, na mzee nitampelekea salamu zako.

Kuhusu mluzi, ukitoa suala la majini, faida yake ni kwamba haubadiliki. Sauti yangu nikiwa na hasira Chui anaijua kabla sijamaliza neno. Filimbi ya refa haina hasira. Mke akiipuliza, mtoto akiipuliza, ni ileile, na inafika mbali kuliko koo. Ila ifundishwe kama neno: puliza, nyama, puliza, nyama, kabla hujaitegemea. Zile filimbi za kimya ambazo binadamu hazisikii vizuri mimi sikuzipenda. Mbwa anasikia sauti nyembamba mpaka kama hezi 45,000 (mitetemo kwa sekunde) na sisi tunakomea 20,000, sawa, lakini nikipuliza nisichokisikia nitajuaje kama imelia?

---

Mwana_wa_Ituri

Habari kwenu ndugu wa Tanzania, mimi niko Bunia, Kongo. Huku kwetu kuna mbwa wa msituni, mfupi, masikio yamesimama, mkia umejikunja, habweki. Wazungu wanamwita basenji. Huyo hata mfundishe namna gani, akishaona mnyama amesahau jina la mama yake. Wawindaji hawajisumbui kumwita. Wanamfunga kengele ya mti shingoni, wanasikiliza kengele iko wapi, na wao ndio wanamfuata mbwa.

Nasema hivi kwa sababu aina nazo ni tofauti. Mbwa aliyezaliwa kwa kazi ya kuchunga anapenda kumtazama mtu. Mbwa wa kuwinda peke yake, kumtazama mtu ni kupoteza muda.

---

MtuWaKibada

Ndugu wa Bunia, kengele nimeipenda. Chui akimwona paka naye anakuwa Mkongo.

Na hili niliseme wazi ili nisije kuonekana tapeli. Chui leo nikimwita anakuja hata kukiwa na mtu, mbwa mwenzake, bodaboda, au watoto wenye mpira. Kukiwa na paka, bado. Kukiwa na mbuzi, tuko nusu kwa nusu. Nimepanga vishawishi kama ngazi: kwanza uwanja mtupu, halafu mtu amesimama mbali, halafu mtu anatembea, halafu mbwa mwingine aliyeshikwa kwa kamba, na kadhalika. Akishindwa ngazi ya nne narudi ya tatu, sichapi, sifoki. Watu wengi wanatoka sebuleni, wanakwenda moja kwa moja ufukweni Jumapili kwenye watu mia mbili na wauza mihogo, halafu wanasema njia haifanyi kazi.

---

Kapuku_Mstaarabu

Mkuu, nimeona mtandaoni wanauza kola ya umeme, unabonyeza rimoti mbwa anashtuka anarudi. Si rahisi kuliko miezi mitatu?

---

MlinziWaZamuYaPili

Niliona mtu mmoja ameinunua. Alibonyeza mbwa akiwa anamtazama mtoto wa jirani anapita na baiskeli. Mbwa akajua: baiskeli ya mtoto inauma. Kutoka siku hiyo kila mtoto mwenye baiskeli ni adui. Hela yako, lakini mimi ningenunua mapupu.

---

Kapuku_Mstaarabu

Basi nimeghairi. Niulize la mwisho: sasa alfajiri unamfungiaje bila kuliharibu neno jipya?

---

MtuWaKibada

Swali la maana kuliko yote na nilisahau kulieleza. Neno la wito halifungi banda. Kamwe. Banda lina neno lake, "chumbani", na chakula chake cha asubuhi kinaliwa bandani. Nagonga sahani ndani ya banda, anaingia mwenyewe, anakula, narudisha mlango. Siku za mwanzo nilikuwa nikimaliza namfungulia tena dakika tano, ili mlango kufungwa usiwe mwisho wa dunia. Na kama nimemwita "ndooo" na kweli lazima niende kazini, nampa vipande vyake, nacheza naye kidogo, tunatembea pamoja mpaka huko. Asione mstari ulionyooka kutoka neno mpaka komeo.

Kupe na sindano vilevile. Simwiti, namfuata alipo.

---

DadaWaMakumira

*Siku 40 baadaye*

Wakuu nimerudi na mrejesho, naona uzi bado uko hai.

Neno langu ni "pilipili". Nilitafuta lisilo na kazi. Nimefuata ngazi, kamba, dagaa, kola kabla ya dagaa, vyote. Wiki ya pili nililia, nilikuwa naona hakuna kinachobadilika. Wiki ya nne akaanza kugeuka kabla sijamaliza neno.

Juzi mgeni kaacha geti. Nimetoka ndani na kanga tu, binti yuko barabarani upande wa pili, na lile gari la mchanga linashuka. Sasa angalieni akili ya mtu: nilitaka kumwita aje. Nikakumbuka akija atakatiza mbele ya lori. Nikanyamaza, mikono kichwani. Lori likapita. Ndiyo nikaita "pilipiliii", mara moja. Kaja mbio, masikio nyuma, akakaa miguuni. Sikuwa na dagaa hata mmoja. Nikamshika kola nikaingia naye jikoni, nikatoa samaki wa mume wangu wa mchana, sato mzima, nikamchambulia miiba nikampa wote.

---

MlinziWaZamuYaPili

Dada hapo kwenye kunyamaza umenizidi. Kuna watu nimefanya nao kazi miaka mingi wangeita.

---

MtuWaKibada

Nimesoma mara mbili. Hiyo sikuiandika popote kwenye uzi na nilipaswa kuiandika: angalia njia atakayopita kabla hujafungua mdomo. Mlinzi, waliofundisha mbwa wao kulala chini kwa mbali wakiamriwa wana faida hapo, fungua uzi wako utueleze.

Dada, sato mzima ndiyo malipo sahihi. Siku kama hiyo haulipi kwa punje.

---

Komredi_Mbilimbi

Na mume alikula nini?

---

DadaWaMakumira

Alikula ugali na dagaa za mbwa. Amesema zina chumvi kidogo.

---

TabibuWaKuku

Dada, niliandika bila chumvi.